MAONI: Basari si zawadi ya mfalme, kijana acha kupiga magoti

UMEWAHI kutumwa fee? Kama umesoma sekondari humu nchini, jibu nalijua. Mwalimu anaingia darasani na karatasi mkononi, anaanza kusoma majina, nawe unaomba Mungu jina lako lirukwe. Halirukwi. Unachukua mkoba, unatoka getini na wenzako, na njia nzima unajiuliza utamwambia mama nini, maana juzi tu ulitumwa na akalazimika kukopa kwenye chama.

"Fee" tunaitamka kila siku. Wenye kujali usanifu wanasema karo. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema ada, neno lililotoka Kiarabu ambako maana yake ni desturi au mazoea. Lakini hili "fee" ambalo limetutoa jasho tangu Kidato cha Kwanza, ni nani kati yetu aliyewahi kuliuliza linatoka wapi?

Mimi nililiuliza, na jibu lilinirudisha kwenye siku moja ambayo nimekuwa nikijaribu kuisahau. Wacha nianze na siku hiyo, kisha turudi kwa neno.

Nilikuwa Kidato cha Tatu, nimeshinda nyumbani wiki mbili, deni shuleni ni Sh23,000. Tangazo likapita kijijini kwamba basari zimetoka na wazazi wafike uwanjani saa tatu asubuhi. Mama akavaa kitenge chake cha kanisani. Tukafika saa tatu kamili. Mheshimiwa akafika saa nane. Kati ya saa tatu na saa nane tulikaa juani, tukafundishwa wimbo wa kumpokea, na kila gari lililopita barabarani tulisimamishwa tukidhani ndiye. Maji ya kunywa hayakuwepo.

Alipofika, hundi kubwa ya karatasi ngumu ilitolewa kwenye gari, ile ya kupigwa picha. Wazazi wachache wakaitwa mbele kushukuru kwa niaba ya wengine, na mama akawa mmoja wao. Akapewa maikrofoni. Mama yangu si mwoga, lakini siku hiyo sauti ilimtetemeka. Alisema: "Mheshimiwa ametusomeshea mtoto. Sisi ni watu wake, na hatutamsahau." Watu wakapiga makofi. Kisha, bila kuambiwa, akapiga goti.

Sehemu yangu ya hundi ile ilikuwa Sh4,000.

Usiku nilimuuliza, "Mama, si hiyo ni pesa ya serikali? Si ni kodi yetu?" Akanijibu bila kuniangalia, "Mwanangu, mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani." Nikanyamaza. Nilirudi shuleni, nikamaliza, na leo naandika. Lakini goti lile halijanitoka akilini.

Sasa turudi kwa neno.

Ukifuatilia "fee" hadi mwisho wa njia, hutakuta shule wala benki. Utakuta zizi la ng'ombe. Makabila ya kale ya Wajerumani yalikuwa na neno lililotamkwa karibu na "fehu", na maana yake ilikuwa mifugo. Hadi leo Mjerumani akisema "Vieh" anamaanisha mifugo. Waingereza wa kale nao walikuwa na "feoh", iliyomaanisha ng'ombe, kisha mali, kisha pesa. Usishangae. Warumi walifanya vivyo hivyo: neno lao la pesa, "pecunia", lilizaliwa na "pecus", yaani mifugo. Na ukienda Kajiado au Samburu ukamsikia mzee akisema ana mali, usidhani anazungumzia akaunti ya benki. Binadamu wengi walihesabu utajiri kwa kwato kabla ya kuuhesabu kwa noti.

Lakini "fee" ya leo haikutoka zizini moja kwa moja hadi ofisi ya bursa. Ilizunguka Ufaransa kwanza. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Wafranki waliunganisha "fehu" na neno jingine lililomaanisha mali, na kiungo hicho kikaingia katika Kilatini cha waandishi wa mahakama kama "feudum" au "feodum". Wafaransa wakakitamka "fief". Wanormani waliotawala Uingereza wakasema "fee". Na kufikia hapo maana haikuwa ng'ombe tena. Ilikuwa ni ardhi ambayo mfalme au mtawala alimtunukia mtu.

Naam. Neno unalotumwa nalo nyumbani lilikuwa neno la zawadi ya mfalme. Na kwenye "feudum" hiyohiyo ndipo lilipotoka jina la mfumo mzima ambao sisi kwa Kiswahili tunauita ukabaila.

Mfumo ulifanya kazi hivi. Mwaka 1066, William wa Normandy alivuka bahari, akaipiga Uingereza na kujitwalia taji. Msimamo ukawa mmoja: ardhi yote ni ya mfalme. Wengine wote, hata awe mkubwa namna gani, wanaishika tu kwa niaba yake. Mwaka 1086 alituma watu wakaandika kitabu kizima, kinachoitwa Domesday, cha nani anashika nini na anapaswa kulipa nini. Hata neno "tenant", ambalo siku hizi ni mimi na wewe tunaokimbizana na lando mwisho wa mwezi, linatokana na Kifaransa cha kushika. Unashika, humiliki. Na "landlord"? Ni bwana wa ardhi, hivyo tu. Hawakuficha kitu.

Ulipataje "fee" yako? Ulikwenda mbele ya bwana bila kofia. Ukapiga magoti. Ukaunganisha viganja vyako, naye akavifunika kwa viganja vyake. Kisha ukatamka mbele ya watu kwamba kuanzia siku hiyo wewe ni mtu wake. Sherehe hiyo Waingereza wanaiita "homage", neno linalotokana na Kifaransa "homme", maana yake mtu. Kufanya "homage" ni kufanywa mtu wa fulani.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. "Sisi ni watu wake." Mama yangu hakuwahi kusikia habari za William wala Wanormani. Hakuna aliyemfundisha maneno yale. Lakini aliyatamka, na goti akalipiga, kana kwamba alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa mfalme fulani miaka 900 iliyopita.

Najua kuna msomi mmoja anayesoma hapa akitikisa kichwa. Anasema: kijana, asili ya neno si maana yake. Maneno huhama. Ukweli huo naukubali. Kabaila na kabila, kwa mfano, yana mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini leo ukiniuliza kabila langu hunihesabu kuwa kabaila. Na "fee" yenyewe ilihama: wakubwa walipoanza kutunuku vyeo badala ya ardhi, mapato ya cheo yakaitwa "fee"; baadaye malipo ya karani, ya wakili, ya daktari; mwishowe malipo ya shule. Kwa hivyo sidai kwamba kila anayelipa karo ni mtumwa wa mfalme. Ninachosema ni tofauti. Neno lilihama, lakini desturi ilibaki. Na inaishi hapa kwetu.

Itazame vizuri hiyo zawadi ya kale, utaona ina alama tatu. Kwanza, inatoka mkononi mwa mtu mmoja, si katika sheria inayowahusu wote sawa. Pili, hailipwi kwa pesa, inalipwa kwa utiifu: mwenye "fee" ya askari wa farasi alitakiwa kumtumikia bwana vitani, kwa kawaida siku 40 kwa mwaka. Tatu, haiwi yako kabisa. Ukimuudhi bwana anaitwaa. Ukifa, mwanao analipa ndipo airithi. Malipo hayo ya mrithi yalifikia kuwa unyang'anyi mtupu, hadi mwaka 1215 wakubwa walipomlazimisha Mfalme John kukubali Magna Carta, iliyoweka kikomo: mrithi wa "fee" moja ya askari asitozwe zaidi ya shilingi 100. Hata shilingi, bana, ilikuwepo.

Sasa weka alama hizo tatu mfukoni tuje nyumbani.

Bunge la Uingereza lilifuta utumishi ule wa vita mwaka 1660. Lakini wazo kwamba ardhi kimsingi ni ya Taji halikufutwa. Lilipanda meli likaja Mombasa. Mwaka 1902, miaka saba baada ya eneo hili kutangazwa himaya ya Waingereza, ilitungwa Sheria ya Ardhi za Taji. Hebu lisome jina hilo tena polepole: Ardhi za Taji. Watu walikuwa wanaishi humo, wanalima, wanachunga, wanazika wazee wao, na karatasi moja ikasema mwenyewe ni mfalme ambaye hajawahi kukanyaga hapa. Mwaka 1903 Lord Delamere akapewa ekari 100,000 karibu na Njoro. Mwaka 1915 sheria nyingine ikaongeza muda wa ukodishaji hadi miaka 999 na ikasema wazi kwamba hata ardhi wanayoishi Waafrika ni ya Taji. Mwaka 1921, katika kesi ya Isaka Wainaina, mahakama ikahitimisha kwamba Mwafrika kwenye ardhi hiyo ni mpangaji tu, anayekaa kwa hiari ya Taji. Akitakiwa kuondoka, anaondoka.

Miaka 999! Huo si mkataba wa kukodisha, huo ni utani. Lakini kwa mantiki ya zawadi ya mfalme, ulikuwa sawa kabisa. Mfalme ana kila kitu, humpa amtakaye, kwa muda autakao.

Kisha uhuru ukaja 1963. Bendera ikashuka, nyingine ikapanda. Ile nguvu ya kutunuku ardhi je? Haikufa. Ilibadilisha mkono tu. Ardhi ya Taji ikawa ardhi ya Serikali, na sheria ikampa Rais mamlaka ya kuigawa. Hata hati nyingi za zamani zilizotolewa ziliandikwa juu kabisa neno la Kiingereza lenye maana ya tunuku. Matokeo yake tuliyasoma mwaka 2004, tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilipowasilisha ripoti yake kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Misitu, viwanja vya shule, kingo za barabara, vyote viligeuzwa zawadi za kisiasa. Wale waliotunukiwa walijua deni lao. Alama ya kwanza, zawadi kutoka mkono wa mtu. Alama ya pili, utiifu. Alama ya tatu? Waliokosana na wakubwa watakuambia.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuizika desturi hii. Kifungu cha 61 kinasema ardhi yote ya Kenya ni ya Wakenya kwa pamoja, kama taifa, kama jamii na kama watu binafsi. Si ya Taji, si ya Rais. Kifungu cha 65 kikakata ile miaka 999: asiye raia hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Kwa karatasi, mfalme amekwenda.

Lakini hebu niambie ukweli. Hatimiliki zinapogawiwa wananchi, zinagawiwa vipi? Kwa foleni ya kawaida kwenye ofisi ya ardhi, jinsi unavyochukua kitambulisho? Mara nyingi huwa ni mkutano. Kuna jukwaa, vipaza sauti, densi. Mama mwenye miaka 70, aliyezaliwa kwenye shamba hilohilo, anakabidhiwa karatasi ya ardhi yake mwenyewe, na anatarajiwa kushukuru. Sijui ni nani aliyemshukuru mwenzake kwa kurudishiwa kiatu chake.

Na ardhi imeisha, msee. Ukweli ni huo. Wewe na mimi hatutatunukiwa ekari. Ardhi aliyogawa babu ikamegwa na baba, sasa kimebaki kipande cha kujenga choo na banda la kuku. Kwa kijana wa leo, kitu pekee ambacho mkubwa bado anaweza kukutunukia ni masomo, kazi au zabuni ndogo. Ndiyo maana nasema basari imekuwa ndiyo "fee" mpya. Neno limerudi nyumbani kwao. Fee ya shule imegeuka fee ya mfalme.

Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge iliundwa kwa sheria mwaka 2003, na sheria hiyo ikaitengea sehemu isiyopungua asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Pesa hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwako. Ukinunua sabuni umelipa kodi. Ukinunua soda umelipa. Ukiweka muda wa maongezi kwenye simu ndipo uweze kusoma makala haya, umelipa. Yule mama anayeuza sukumawiki hana nambari ya mlipa kodi, lakini mafuta ya taa anayowashia jiko yametozwa. Kisha pesa hizo zinakwenda Nairobi, zinarudi kijijini zimevaa sura ya mtu. Picha yake iko kwenye bango la darasa. Jina lake liko kwenye basi la shule. Sauti yake iko kwenye redio: "Nimesomesha watoto 3,000." Amesomesha na nini, mshahara wake?

Jaribu zile alama tatu. Inatoka mkononi mwa mtu? Kwa macho ya mpokeaji, ndiyo. Ndiyo sababu fomu hupelekwa kwa fulani anayemjua fulani. Inalipwa kwa utiifu? Muulize kijana yeyote aliyeambiwa, "Tulikusomesha, na sasa tunakuona kwenye mikutano ya wale." Inaweza kutwaliwa? Muulize mzazi ambaye kijiji chake kilipiga kura vibaya. Zote tatu zipo. Kilichokosekana ni farasi na upanga tu, na hata hivyo kila msimu wa kampeni kuna vijana wanaokusanywa kwenda kuvuruga mikutano ya watu wengine. Siku 40 za utumishi, ama vipi?

Sasa, kuna watakaonijia juu. Hoja yao nimeisikia tangu utotoni na sio ya kupuuza. Wanasema: shukrani ya punda ni mateke, mtu amekusaidia, sema asante, utaumia wapi? Wanasema pia kwamba kuna wabunge na wawakilishi wadi wanaohangaika kweli, wanaotoa hata kutoka mfukoni mwao, na kwamba bila basari hizo watoto wengi wangekuwa kwenye mashamba ya chai saa hii. Kweli. Nami ningekuwa mmoja wao. Zile Sh4,000 ndizo zilizomfanya mwalimu mkuu akubali nirudi darasani huku mama akiendelea kutafuta zilizobaki.

Lakini kushukuru ni kitu kimoja, na kuwa mtu wa fulani ni kingine. Nikienda zahanati muuguzi akanidunga sindano vizuri, namwambia asante dada, kazi njema. Simwambii kwamba mimi na uzao wangu ni watu wake. Amefanya kazi yake kwa uungwana, nami nimemjibu kwa uungwana, tumeachana sawa kwa sawa. Mbunge anayehakikisha basari imefika kwa wakati na kwa wanaostahili, tumwambie asante hivyohivyo. Mradi tusimame wima tunapoisema.

Na anayetoa kutoka mfukoni mwake, Mungu ambariki, hiyo ni sadaka yake na ni nje ya hoja yangu. Ninazungumzia pesa za umma. Huwezi kunipa zawadi kwa mkoba wangu.

Hoja ya pili ni ya mama: mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani. Hii ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ni ya mtu aliyekuwa na kiu kweli. Siwezi kumlaumu. Mwenye njaa hana uhuru wa kuchagua jinsi ya kupokea chakula. Ndiyo maana simwandikii yeye, nakuandikia wewe. Wewe uliyesoma kwa hiyo basari, uliyemaliza, unayejua kufungua Katiba kwenye simu. Sisi ndio tulionyweshwa maji. Tusipouliza kisima ni cha nani, basi nani atauliza?

Kwa hivyo tufanye nini? Sina dawa kubwa, nina mambo manne madogo.

Moja, tubadilishe lugha. Acha kuandika mitandaoni "Mheshimiwa ametupa." Andika "Basari ya eneobunge letu imetoka." Utasema ni maneno tu. Lakini si tumeona maneno yanavyobeba mizigo kwa miaka elfu moja? Mtoto anayekua akisikia "ametupa" atapiga goti bila kuambiwa, kama mama yangu.

Mbili, tuulize orodha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua: basari za mwaka huu ni kiasi gani, vigezo vilikuwa vipi, na kila wadi ilipata ngapi? Huhitaji wakili. Unahitaji kalamu na vijana watano wasioogopa kuonekana wakorofi. Wanormani walikuwa na Domesday ya kujua nani anamdai nani. Nasi tuwe na yetu.

Tatu, tudai basari iende moja kwa moja shuleni, bila jukwaa. Pesa inaweza kutoka akaunti moja hadi nyingine bila mtu kucheza densi juani. Hiyo hundi ya karatasi ngumu haiingii benki yoyote, na kila mmoja wetu anajua hivyo. Kazi yake ni picha.

Nne, na hili ndilo la msingi, tuulize kwa nini basari inahitajika. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki haitunukiwi. Mfumo unaoacha karo iwe kubwa kuliko uwezo wa mzazi, kisha ukamkabidhi mwanasiasa vipande vya kuipunguza, unatengeneza kiu na kumpa mtu mmoja kata ya kuchotea. Ukimwona anasifiwa kwa kuchota, uliza ni nani aliyekifunika kisima.

Kuna kifungu kingine, cha 73, kinachosema cheo cha umma ni amana, na kwamba mwenye cheo amepewa wajibu wa kuwahudumia watu, si nguvu ya kuwatawala. Ukikisoma vizuri utaona kimeugeuza ukumbi wote wa mfalme juu chini. Anayeshika ni yeye. Mwenye mali ni sisi. Kama kuna "fee" yoyote iliyobaki Kenya, basi ni kile kiti chake, tulimpa sisi kwa kura, kwa muda, kwa masharti, na tunaweza kukitwaa. Kwa haki kabisa, siku ya kuapishwa yeye ndiye angetakiwa kutuambia: mimi ni mtu wenu.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Mdogo wangu yuko Kidato cha Pili, na tangazo la basari lilikuwa limepita tena. Mama akaanza kutafuta kitenge chake. Nikamwambia, "Mama, safari hii nitaenda mimi." Akanitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Utaongea nini wakikupa maikrofoni?"

Nikamwambia nitasema asante kwa kamati kwa kufanya kazi yake, nitauliza orodha itabandikwa lini, kisha nitaketi.

Akacheka kidogo, kicheko kile cha wasiwasi. "Na wakimnyima mdogo wako?"

Sikuwa na jibu rahisi, na sitajifanya ninalo. Hilo ndilo swali ambalo desturi hii inaishi kwalo. Kila mmoja wetu akiwa peke yake anaogopa, na ana sababu ya kuogopa. Lakini tukiwa wengi tunaouliza, hawawezi kuwanyima wote. Kwa hivyo nakuomba, siku basari zikitangazwa kwenu, nenda wewe badala ya mama. Mwache apumzike kivulini. Na jina lako likiitwa, nenda mbele ukitembea, useme asante yako ukiwa umesimama.